Intahe Iliyokwenda Gitega

Magarama, Gitega
6 Februari 2011

Kwa ukoo wote wa marehemu Thomas, walio hai na waliotangulia. Kwa majirani wa Gashoho, wa upande wa juu na wa upande wa chini. Kwa waliotupokea tuliporudi na kwa waliotuchungulia vyungu: inatangazwa rasmi kwamba tangu Jumatano iliyopita mimi Kastori, fundi seremala, nina mashine.

Tangazo limekwisha. Mnaweza kukaa.

Sasa salamu. Dada Kasilda, hujambo? Watoto hawajambo? Na kifua chako, moshi wa jikoni kwa shangazi unakiruhusu kupumua? Mimi ni mzima, ila vidole vinatetemeka kidogo, na sababu ni hiyo mashine.

Usifikirie kitu kikubwa. Ni nene kama gunzi la hindi, ina mkia wa umeme. Mdomoni unafunga kijisahani chembamba kama sarafu, ukiwasha kinazunguka mpaka hukioni tena, unasikia tu kinalia kama nyigu aliyefungiwa kwenye chupa. Kuna visahani vya kukatia, vya kusugulia, na sindano za kuchorea maua. Nimeipata kwa Mugisho, yule Mkongo wa Uvira anayezunguka masoko na vyuma vya mitumba, huyohuyo anayekuletea barua hii. Nimempa stuli zangu mbili na meza iliyokuwa inangoja mnunuzi tangu Noeli.

Mugisho alinifundisha, kwa namna yake. Alisema: "We Kastori, attention! Iyi kamashini iko na mbio, haiko na nguvu. Usiisukume. Uiache ikule muti yenyewe, pole pole. Ukiisukuma inakasirika, inachoma muti, na kale kasahani kanapasuka kanakuingia mu jicho." Nikamwambia mimi ni fundi. Akasema, "Ndiyo sababu nakuambia."

Kazi ya kwanza nimechora waridi kwenye kiti cha mwalimu mmoja wa Mushasha. Amefurahi sana. Amesema hajawahi kuona kabichi iliyochongwa vizuri hivyo.

Nakuandikia kwa sababu simu yako huko inashika ukipanda juu ya kichuguu tu, na mimi sipendi dada yangu anipigie kelele akiwa amesimama juu ya mchwa.

Mdogo wako,
Kastori

---

Gashoho, Muyinga
27 Februari 2011

Mdogo wangu Kastori,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Sisi wazima. Kifua ni kilekile. Jiko la shangazi ni lilelile, na shangazi ameanza kuniuliza kila asubuhi kama nimelala vizuri, kwa sauti ya mtu anayeuliza utaondoka lini.

Tangazo lako nililisoma kwa sauti kisimani. Unajua nilivyo. Wanawake walicheka, mimi nikaongeza chumvi, na kufika jioni mlima mzima ulikuwa unajua kwamba ndugu yangu wa Gitega ana mashine inayokata mti bila mtu kuishika.

Sasa sikiliza jambo lenye uzito. Shauri la kile kipande cha ardhi cha baba, kati ya kahawa na njia, limepangwa. Wazee watatu watakaa baada ya Pasaka, na mkubwa wao ni mzee Nazario. Ignasi amelima pale tangu tulipokimbilia Tanzania. Ignasi si mtu mbaya, ndiyo shida yenyewe. Mbaya ningejua namna ya kumsema. Nikikipata, nitafyatua matofali kiangazi hiki. Nikikikosa, ni mwaka mwingine jikoni kwa watu, na watoto wangu wanakohoa kama wazee.

Basi nilikwenda kumsalimia mzee Nazario. Kusalimia tu. Maneno ya kisimani yalikuwa yamenitangulia. Akaniuliza, "Hiyo mashine ya ndugu yako inakata mti mgumu?" Nikasema, "Mzee, inakata kama kisu kwenye siagi." Akaingia ndani, akatoka na fimbo nyeusi kwa kushikwa, ncha ya chini imeliwa na mchwa. Akasema, "Akate hapa pabaya tu, upana wa kidole. Tuone."

Kastori, ilikuwa intahe. Wewe ulitoka hapa unanyonya, nikukumbushe: ni ile fimbo ya mzee mwamuzi, anaipiga chini anaposema neno la shauri. Isipopigwa, neno halijasemwa. Na ameitoa mikononi mwake akanipa mimi, niliyerudi juzi. Sikuuliza maswali. Nani angeuliza? Niliipokea kwa mikono miwili nikaifunga kwenye mkeka.

Mugisho anakuletea. Kata pabaya, ung'arishe, rudisha. Sisemi ni rushwa. Nasema tu kwamba mtu aliyetendewa wema ana kumbukumbu nzuri.

Dada yako,
Kasilda

---

Magarama
13 Machi 2011

Dada yangu mpenzi,

Hujambo? Watoto? Shangazi? Majirani? Mbuzi wa majirani? Nauliza wote kwa sababu nikimaliza salamu itabidi niandike yanayofuata.

Kaa chini. Kama umekaa, egemea.

Intahe ilifika salama. Niliifungua mbele ya watu, maana Magarama nako habari zilikuwa zimefika: muuza sabuni alikuwepo, Melania wa mkaa alikuwepo, na Mugisho mwenyewe. Niliibana kwenye jiliwa, nikavaa miwani, nikawasha. Nyigu akalia. Watu wakasogea nyuma. Nakwambia ukweli, dada, nilijisikia kama askofu.

Ubaya ni kwamba kile kisahani ni kidogo. Kinaingia kwenye mti kina cha ukucha, hakifiki ng'ambo. Kwa hiyo unakata kwa kuzunguka: hapa kidogo, unageuza fimbo, hapa kidogo, unageuza, mpaka ulikoanzia. Nikazunguka. Nilipofika nilikoanzia, mstari haukukutana na mwenzake. Ulipita juu yake, kama ndugu wawili waliogombana.

Nikasema nitanyoosha. Nikahamia juu kidogo, nikazunguka tena. Safari hii ulipita chini yake. Mugisho akasema, "Pole pole, mon frère, unaisukuma." Nikamwambia siisukumi. Nilikuwa naisukuma. Moshi ukatoka, harufu ya mti kuungua, mstari ukawa mweusi kama nyusi za maharusi. Nikahamia juu tena ili niondoe weusi. Kisahani kikapasuka, kikanipita sikioni, kikaingia kwenye kalenda ya parokia. Nikafunga kingine. Watu walikuwa wanaangalia, dada. Mtu akiangaliwa hawezi kuacha.

Sitaki kukuchosha na kila pete niliyoizungusha. Ilipoingia pale kwangu ilikuwa intahe. Nilichobaki nacho kinafaa kusongea ugali wa watu wawili wasio na njaa. Mugisho alikishika, akakigeuza, akasema kwa huruma, "Kastori, iyi ilikuwa fimbo. Sasa iko kijiko."

Na jambo ambalo sitakuficha, kwa sababu linaniumiza kuliko yote: msumeno wangu wa mkono ulikuwa unaning'inia kwenye msumari, karibu na sikio langu, muda wote. Kazi ile ilikuwa ya kuvuta na kusukuma mara chache tu, imekwisha.

Sijui niseme nini. Niambie wewe.

Mdogo wako asiyefaa,
Kastori

---

Gashoho
20 Machi 2011

Kastori,

Sikusalimu.

Haya, hujambo. Mama asingependa niandike bila salamu.

Nimesoma barua yako nyuma ya ghala, nimeketi juu ya gogo. Nilicheka pale pa kijiko, halafu nikaona nacheka, nikalia.

Jana mzee Nazario alinikuta njiani. Akaniuliza, "Ndugu yako hajambo?" Nikasema hajambo, kazi ni nyingi. Akasema, "Kazi ni kitu kizuri," akapita. Ningependa anitukane.

Unaelewa tulichofanya? Nimechukua intahe ya mtu atakayeniamua, nikampelekea ndugu yangu, ndugu yangu ameikatakata. Nikisema sasa, Ignasi atasema nilitaka kumnunua mzee, na atakuwa hajakosea sana. Shauri litakufa. Tutakuwa wale Watanzania waliorudi na kuharibu kitu cha kwanza walichokabidhiwa. Unajua wanavyotuita wakidhani hatusikii.

Mti ni mti. Tafuta mwingine, tengeneza. Wewe si fundi? Uwe fundi sasa, mara moja katika maisha yako. Pasaka iko karibu.

Usitumie ile mashine.

Dada yako,
Kasilda

---

Magarama
10 Aprili 2011

Dada Kasilda,

Amani iwe kwako na kwa watoto. Mimi afya ninayo, uso sina.

Mugisho anao mkeka, na ndani ya mkeka kuna fimbo. Usiifungue njiani. Ikifika, ifungue mara moja tu, uangalie mwenyewe, kisha uifunge.

Nitakueleza ilivyozaliwa ili ujue uongo wetu una wazazi. Mushasha walikuwa wanatupa viti virefu vya zamani vya kanisani, wamepata vipya. Nilichukua ubao mmoja wa kuegemea, mti mgumu, umekaa miaka mingi ukisikiliza Misa. Nimeuchonga kwa kisu na randa, na kipande cha chupa cha kukwangulia. Mashine niliifunika gunia, maana nilihisi inaniangalia.

Rangi: masizi na samli, halafu moshi, halafu samli tena. Lakini ilikuwa bado na sura ya kitu kipya, kama mtu aliyenyoa ndevu. Kwa hiyo nikamwazima Melania atembelee nayo Jumapili na siku za soko. Anauza mkaa, mikono yake haitakati hata kwa sabuni ya mawe, na mguu unamuuma kweli, kwa hiyo alikuwa anaiegemea kwa moyo. Aliponirudishia akasema, "Fimbo hii imenizoea." Mshiko ulikuwa umekuwa mweusi na laini kama kichwa cha mtoto. Nilitaka kumwambia ukweli, nikamwambia asante.

Urefu nimekisia. Niliyoifupisha sikuwa nimeipima kabla. Nilisimama katikati ya karakana nikajaribu kukumbuka ilikuwa inanifika wapi. Jaribu wewe kukumbuka kitu kilikufika wapi siku uliyokuwa unajiona mrefu.

Nisamehe.

Mdogo wako,
Kastori

---

Gashoho
30 Aprili 2011

Mdogo wangu,

Hujambo, na heri ya Pasaka. Huku tumekula vizuri, Mungu ashukuriwe.

Kwanza fimbo. Nilimpelekea ikiwa ndani ya mkeka, mimi mwenyewe sikuthubutu kuifungua. Mzee Nazario hakuifungua. Aliipokea, akasema, "Asante, mwanangu, msalimie fundi," akaisukuma nyuma ya mlango. Hakuikagua. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote. Kwa kutoulizwa sikuwa nimejiandaa.

Jumanne tulikaa. Wazee watatu kwenye viti vyao, watu wa mlima wamezunguka. Mzee Nazario akatoka na intahe mkononi. Kastori! Niliitazama, na nakwambia: nisingejua! Rangi, mshiko, uzito alivyoushika. Hata ufa mdogo wa uzee umeuweka chini ya mshiko. Uliutoa wapi? Aliipiga chini, paa, na mwili wangu wote ukasikia.

Ignasi akaanza. "Sikumfukuza mtu. Nilikikuta kipande kiko peke yake, nikakilima. Ardhi isipolimwa inasahau."

Mimi nikasema, "Sisi hatukuisahau."

Mzee mmoja akaniuliza, "Baba yako alipanda nini mpakani?"

"Miyenzi," nikasema, ile minyaa ya ua yenye utomvu mweupe.

"Yote?"

"Yote, isipokuwa pale penye jiwe. Pale hapakushika, mama alikuwa anamcheka."

Yule mzee akawageukia wenzake. "Nilimsaidia Thomas kuipanda ile miyenzi," akasema. "Na pale penye jiwe hapakushika." Wakainama, wakanong'ona. Kisha mzee Nazario akapiga chini tena. Kipande ni cha watoto wa Thomas. Ignasi avune magimbi yake kwanza, halafu akiache.

Nilidhani Ignasi atapaza sauti. Alivua kofia. Akaja, akanipa mikono yote miwili. "Intahe imesema," akasema. "Mimi ni nani?"

Nimeshinda, Kastori. Nimekuwa naandika neno hilo na kulitazama.

Dada yako,
Kasilda

---

Magarama
15 Mei 2011

Dada yangu mshindi,

Nimesoma barua yako mara nyingi mpaka mikunjo imechoka. Watoto hawajambo? Waambie mjomba atawatengenezea kitanda.

Ufa? Sasa uliposema, sikumbuki kuuweka. Lakini mkono unaofanya kazi kwa hofu unafanya mengi ambayo kichwa hakikuagiza. Labda ni ule moshi, mti ulikauka upande mmoja. Mugisho nilimweleza, akanitazama akasema, "Kumbe uko artiste." Sikumkatalia. Unaona mtu nilivyo: hata kwenye wizi nataka nisifiwe mkono.

Jenga, dada. Wazee waliamua kwa miyenzi na jiwe, si kwa ubao wa Mushasha. Kipande ni chetu, kilikuwa chetu hata kabla ya fimbo yoyote. Kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa. Nimejieleza hoja hii vizuri sana, na naiamini mpaka saa ya kwenda kuungama. Nimesimama kwenye mstari wa maungamo Jumamosi baada ya Jumamosi. Zamu yangu ikikaribia, nawapisha akina mama wenye watoto, halafu wazee, halafu yeyote. Watu wa parokia wanasema Kastori ana adabu sana.

Na padri anaketi ubavuni mwa mahali kilipokuwa kile kiti kirefu nilichochukua ubao wake.

Fyatua matofali. Kiangazi hakingoji.

Mdogo wako,
Kastori

---

Gashoho
5 Juni 2011

Kastori mdogo wangu,

Nakusalimu. Sisi wazima wa mwili.

Matofali yameanza. Unajua nani anakanyaga udongo? Ignasi. Alikuja asubuhi na wanawe, sikumwita. Amekunja suruali, anakanyaga udongo wa nyumba yangu, ananiambia, "Dada Kasilda, ongeza maji hapa." Mimi namletea maji na kuiangalia miguu yake, maana uso siuwezi. Mkewe Lucia ameleta maharage kwenye chungu. Nilikula.

Nilimwuliza, "Huna hasira na mimi?" Akasema, "Hasira ningekuwa nayo kama ungenishinda wewe. Umeshinda kwa intahe." Akaendelea kukanyaga.

Hoja yako ni nzuri, na mimi ninayo hiyohiyo. Lakini mzee Nazario haamui shauri langu tu. Juzi aliamua la mjane na shemeji zake. Wiki ijayo kuna la visima. Kila akipiga ile fimbo chini, watu wananyamaza, wanakubali, wanakwenda nyumbani. Mimi peke yangu kwenye mlima huu najua wananyamazia nini. Nikisikia paa, naona aibu kama aliyevuliwa nguo sokoni halafu watu wote wakaendelea kupatana bei ya vitunguu.

Nitasema. Jumapili ya tarehe kumi na tisa, baada ya Misa, nyumbani kwake, mbele ya Ignasi na Lucia. Wakikichukua kipande, wakichukue na matofali yake.

Sikuombi ruhusa. Nakupa habari.

Dada yako,
Kasilda

---

Magarama
18 Juni 2011

Dada Kasilda,

Hamjambo? Barua yako imenifikia leo. Lori la Mugisho lilikaa Karusi kusubiri mpira wa gurudumu. Kwa hiyo hii itakukuta umeshasema, na ninaandika kama mtu anayefunga mlango mbuzi wakiwa shambani.

Usiseme. Fikiria watoto. Fikiria kiangazi. Mwalimu wa Mushasha ameniagiza madawati ya darasa zima. Habari hii ikifika Gitega, na kwa mdomo wa Mugisho itafika tu, nani atampa kazi fundi wa kijiko? Na mzee wa watu utamwaibisha bure mbele ya mlima, kwamba amekuwa akipiga ubao wa kanisa.

Nimesoma niliyoandika hapo juu, nimepata aibu nyingine. Siyafuti, karatasi ni moja.

Dada, sema ni mimi. Sema Kastori aliiharibu kwa sababu watu walikuwa wanamwangalia, halafu Kastori akatengeneza ya uongo. Usitaje kwamba uliniambia. Kama wanataka mtu wa kupiga magoti, nitakuja. Nitaacha mashine huku. Nitakuja na msumeno, nichongee mlima wote chochote wanachotaka, wakiangalia au wasiangalie.

Sema ni mimi peke yangu.

Mdogo wako,
Kastori

---

Gashoho
3 Julai 2011

Mdogo wangu mpenzi Kastori,

Nakusalimu, na nakuuliza hali, na nakuomba uketi mwenyewe safari hii.

Barua yako ilifika nikiwa nimeshasema. Kama ningeifuata, nisingekuwa nimesema kweli, kwa hiyo afadhali lile lori lilichelewa.

Nilikwenda. Mzee Nazario alikuwa uani anapukuchua mahindi. Ignasi alikuwepo, Lucia alikuwepo. Nilikataa kiti. Nilisema yote nimesimama: kisimani, siagi, mkeka, mashine yako, kijiko, kwamba mimi ndiye niliyekuambia tafuta mti mwingine. Nilisema na ubao wa Mushasha na Melania wa mkaa. Lucia alifunika mdomo kwa khanga, sikujua analia au anafanya nini. Nikamalizia kwa Ignasi. Nikamwambia, "Kipande chukua. Na matofali ni yako, umeyakanyaga wewe."

Ignasi alimtazama mzee. Mzee alikuwa anaendelea na mahindi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Kipande kiliamuliwa na watu walioona miyenzi ikipandwa. Mti hauamui. Jenga." Akatupa gunzi. "Mwanangu, wewe ulikulia wapi?"

"Lukole, mzee. Kambini, Ngara."

"Na huko hakukuwa na wazee?"

"Walikuwepo. Intahe zao zilibaki huku. Tulikuwa tunaamuliwa na mtu mwenye kipaza sauti."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba wa mbali. Halafu akasema, bila ukali hata kidogo: "Mwenye shauri hagusi intahe ya anayemwamua. Akiigusa, mwamuzi anajitoa, shauri linahamia kwa mwingine. Na intahe hailali nje ya nyumba ya mwenyewe, mpaka siku anapozikwa. Hapa mtoto anayajua hayo kabla hajajua kujifuta pua."

Kastori, nilidhani nimeshamaliza kuona aibu. Nilikuwa sijaanza. Kudanganya nilijua nimedanganya. Kwamba sijui, sikujua. Niliangalia upande wa Ignasi, nikitaka acheke ili niweze kukasirika. Hakucheka. Alikuwa anaangalia chini, kwa ajili yangu. Lucia akanivuta mkono, akanikalisha kwenye mkeka ubavuni mwake, akanipa mahindi nipukuchue, kama ningekuwa mtoto wa nyumba ile aliyevunja kitu.

Mzee akaingia ndani, akatoka na fimbo mbili. Ya kwanza ndiyo ile aliyoipiga chini kwenye shauri langu, na la mjane, na la visima. Alikuwa nayo siku zote. Ya pili ndiyo ya kwako. Ni ndefu kuliko inavyotakiwa, lakini akasema imechongwa na mtu mwenye mkono mzuri, na angependa kukuona.

Nikamwuliza, basi ile tuliyoipeleka Gitega ilikuwa nini.

Akasema ni fimbo ya kuchungia mbuzi.

Dada yako,
Kasilda